Usilipie kilichoungua kabla hujajua kilichounguza

Julai ikifika Nairobi, jua hujificha tangu asubuhi hadi machweo, wingu hukaa juu ya jiji kama kifuniko cha sufuria, na watoto huoga kwa kubembelezwa utadhani wanapelekwa kudungwa sindano. Ni katika mwezi huo hasa ambapo hita yetu ya bafuni iliamua kugoma.

Ninaposema hita, msomaji, nina maana ya ile shawa ya stima iliyoenea katika nyumba nyingi za kupanga mjini. Ni kile kichwa cheupe cha plastiki kinachofungwa juu ya bafu, ambacho hupasha maji moto yanapopita badala ya kuyaweka kwenye tangi. Ni chombo kidogo, bei yake si ya kutisha, na kikiwa kizima hakuna anayekikumbuka. Lakini siku kinapokufa, nyumba nzima huamka saa kumi alfajiri kugombania jiko la gesi na karai.

Sisi tunakaa orofa ya nne katika jumba la kupanga huko Donholm. Siku hita ilipokufa nilimwendea keyateka, naye, kama ilivyo desturi ya makeyateka wote, alikuwa na "kijana wake". Kijana alifika na bisibisi moja mkononi na plaiasi mfukoni. Alikifungua kichwa cha hita, akachungulia, akanionyesha koili iliyokatika katikati.

"Mzee, koili imekwisha," akaniambia.

Nilimpa Sh500 za koili. Kazi aliitaka Sh1,000, nikamvuta mpaka akakubali Sh500. Jioni hiyo maji yalikuwa moto, na mimi nilijipongeza kwa kuwa bingwa wa kupatana bei. Siku ya kumi na moja maji yakawa baridi tena.

Fundi wa pili tulielekezwa na jirani. Alipofungua hita alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akauliza, "Nani alikufanyia kazi hii?" Msomaji, ukisikia swali hilo shika mfuko wako, maana sijaona fundi aliyemsifu mwenzake aliyemtangulia. Huyu alitia koili mpya na, kabla hata ya kufungua maji, akawasha swichi ili aone kama stima inafika. Tulisikia mlio, kisha tukaona moshi. Koili ilikuwa imeungua kabla haijaonja tone la maji. Alinieleza kwamba koili za siku hizi ni hafifu. Nikanunua nyingine. Hesabu yake ilikuwa Sh1,700, na maji moto tuliyafurahia kwa majuma mawili.

Fundi wa tatu alikuwa mtanashati, mwenye begi na maneno matamu. Yeye hakutaka hata kusikia habari za koili. "Hii hita imezeeka, bosi. Weka mpya uwe na amani." Hita mpya ilikuwa Sh3,200 na kazi Sh800. Amani hiyo ilidumu majuma matatu.

Kufikia hapo nilikuwa nimetumia Sh6,700, na bado tulikuwa tunaoga kwa karai.

Katika siku hizo zote kulikuwa na jambo jingine nyumbani ambalo sikulitilia maanani. Kitindamimba wetu, msichana wa miaka minane, alikuwa ameanza vioja vya kukataa kuoga hata siku ambazo hita ilikuwa inafanya kazi. "Baba," alikuwa akiniambia, "maji yananipiga." Nami nilidhani analalamikia nguvu ya maji yanayomwangukia kichwani. Nilimwambia asimame kando kidogo, na siku moja nikamcheka na kumwuliza kama yeye ni wa sukari hata aogope kuyeyuka. Mama yake alidhani ni ukaidi wa kawaida wa watoto na baridi. Basi mtoto akanyamaza, akawa anaoga mbio mbio na kutoka na povu masikioni.

Fundi aliyeuliza maswali

Fundi wa nne aliletwa na mama watoto. Ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za stima katika shule anakofundisha. Alipofika, aliketi, akakubali chai, na begi lake likabaki limefungwa. Akaanza kuuliza. Hita ilikufa mara ya kwanza lini? Ilipofufuliwa ilikaa siku ngapi? Mkiiwasha, taa za nyumba hufifia? Maji mnayotumia ni ya kampuni au ya kisima? Mkimaliza kuoga, mmewahi kugusa swichi mkaihisi ina joto? Mimi nilikuwa najibu huku nikitazama saa. Kisha akauliza swali lililonichekesha.

"Katika nyumba hii, nani huoga bila patipati?"

"Mimi," kitindamimba akajibu kutoka mlangoni. "Na maji hunipiga."

Mzee aliweka kikombe chini. "Yanakupiga wapi, mjukuu wangu?"

Mtoto alinyosha mkono, akapitisha kidole kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko. "Hapa. Nikishika mfereji nifunge."

Msomaji, sikucheka tena.

Mzee hakuridhika na kuzima swichi ya bafuni pekee. Alikwenda kwenye sanduku la breka, akazima stima huko, akapima kwa mita yake kuhakikisha kwamba hakuna stima iliyobaki, ndipo akafungua hita. Alinionyesha mambo matatu.

La kwanza, waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya hita kama utepe usio na kazi. Waya huo ndio unaotakiwa kuipeleka ardhini stima yoyote inayovuja. Usipokuwepo, stima hiyo hutafuta njia nyingine, na mtu aliyelowa maji, aliyesimama peku kwenye sakafu iliyolowa na kushika mfereji wa chuma, ni njia nzuri sana. Sisi watu wazima tulikuwa tunaoga na patipati za mpira. Mpira ule ndio uliotuzuia kusikia alichokuwa akisikia mtoto.

La pili, koili ilikuwa imevaa ukoko mweupe kama ule unaokaa ndani ya birika. Mwezi wa Mei mwenye nyumba alikuwa ameanza kutuletea maji ya kisima ili kukabiliana na mgao. Maji mengi ya visima huwa na chumvi. Chumvi hugandamana kwenye koili, na koili iliyofunikwa na ukoko haiwezi kuyapa maji moto wake. Hujipikia yenyewe mpaka ikatike. Zaidi ya hayo, maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko maji matamu, na koili ya hita yetu ilikuwa uchi ndani ya maji hayo.

La tatu, waya uliokuja kwenye hita ulikuwa wa milimita mraba 2.5, ule wa kulisha soketi za kawaida. Mzee alipoifungua swichi, plastiki ya nyuma ilikuwa imebadilika rangi na kuwa kahawia, na mpira wa waya ulikuwa mkavu kama maganda ya njugu. Moto ungaliweza kuanzia hapo usiku wowote.

Mafundi watatu walikuwa wameifungua hita ile. Waya uliokatwa ulikuwa mbele ya macho yao, na ukoko ulikuwa mbele ya macho yao. Kila mmoja alibadilisha kilichoungua, akapokea pesa, akaenda zake. Hakuna aliyetafuta kilichounguza. Na kwa haki, hata mimi sikuuliza.

Hita hii hufanyaje kazi?

Mzee alinieleza kwa lugha ambayo hata mtoto wa darasa la tano angeielewa, nami nakupa kama nilivyopewa. Maji yanapoingia kwa nguvu ya kutosha, hunyanyua kiwambo cha mpira kilicho ndani. Kiwambo kikinyanyuka hukutanisha vipande vya chuma, stima hupita kwenye koili, koili hushika moto, na maji hubeba moto huo yakielekea kichwani mwako. Maji yakikatika, kiwambo hushuka na stima hukatika. Kwa hivyo hita huhitaji vitu vitatu: maji yenye nguvu, stima ya kutosha, na koili nzima. Kimoja kikikosekana, utaoga maji baridi.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba chombo hiki ni mlafi. Hita ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 25, ilhali plagi ya kawaida ya pasi au redio mwisho wake ni ampea 13. Wati hizo ni sawa na kuwasha balbu 550 za wati 10 kwa wakati mmoja. Ukioga kwa dakika 10, umekula karibu uniti moja ya stima. Ndiyo maana haifai kabisa kuunganishwa kwenye waya wa soketi. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku la breka, wa milimita mraba 4 au 6 kulingana na ukubwa wa hita na urefu wa safari, na breka yake yenyewe.

Unachoweza kukagua mwenyewe

Kuna mambo mwananchi wa kawaida anaweza kuyaangalia kabla ya kumwita fundi, na mara nyingine atajiokolea pesa.

Anza na breka. Ikiwa imeanguka, inyanyue mara moja tu. Ikianguka tena iache hapo ilipo, kwa sababu inakuambia kwamba kuna hatari mahali fulani. Wapo watu ambao huishikilia kwa kijiti au huweka breka kubwa zaidi ili isianguke. Hao ni sawa na mtu anayemfunga mbwa mdomo kwa kuwa anabweka usiku.

Kisha tazama maji. Fungua mfereji mwingine. Kama nao unatiririka kwa unyonge, basi kosa si la hita. Huenda tangi la juu limekauka, au maji ya orofa yenu hayana nguvu ya kunyanyua kiwambo. Kama maji ni dhaifu kwenye hita pekee, huenda vile vitundu vya kutolea maji vimezibwa na ukoko au mchanga. Zima stima kwenye breka, fungua kifuniko cha vitundu, kiloweke usiku kucha ndani ya siki, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani.

Ikiwa maji ni vuguvugu tu, punguza mfereji kidogo. Koili ina nguvu moja. Ukiipitishia maji mengi, kila tone hupata moto kidogo. Wakati mwingine stima yenyewe huwa dhaifu, hasa jioni kila nyumba inapopika na kupiga pasi, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia ila subira. Ukitaka kuhamisha kile kitufe cha vuguvugu na moto, funga maji kwanza. Kukigeuza hita ikiwa inafanya kazi huunguza vyuma vyake vya ndani.

Maji yakirudi baada ya mgao, usikimbilie swichi. Acha maji baridi yapite hita ikiwa imezimwa, mpaka hewa na matope yaishe na mkondo utulie. Hewa ikipita kwenye koili yenye moto, koili hiyo imekwenda. Kwa sababu iyo hiyo, koili mpya ikitiwa, maji hutangulia na stima hufuata. Fundi wangu wa pili alifanya kinyume, na bili nikalipa mimi.

Lakini kuna mahali pa kusimama. Ukisikia harufu ya kuungua, ukigusa swichi ukaikuta ina moto, ukiona maji yanadondoka kwenye nyaya, au mtu yeyote nyumbani akisema anahisi kitu kikimtambaa mkononi anapoguswa na maji, zima breka na usioge hapo tena mpaka fundi wa stima aje. Usijipe moyo kwamba "ni kidogo tu". Na Mungu apishie mbali, ukimkuta mtu amenaswa na stima, usimshike. Kimbilia breka kwanza, uzime, ndipo umguse.

Namna ya kukaa na fundi

Sasa tuje kwa fundi mwenyewe. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake. Fundi ataivuta upande wake, nawe huna budi kushika upande wako bila ugomvi.

Mweleze ulichokiona, usimwambie dawa. Ukimpigia simu na kusema, "Njoo uniwekee koili," atakuwekea koili, kwa sababu hiyo ndiyo kazi uliyomwita. Mwambie, "Maji yalikuwa moto kwa siku kumi, kisha yakawa baridi ghafla asubuhi, na taa hufifia tukiwasha." Hapo umempa kazi ya kufikiri.

Patana naye mapema: kuja kutazama ni pesa ngapi, kazi ni ngapi, na vifaa ni vya nani kununua. Ukiweza, andamana naye dukani, au udai risiti. Kifaa kilichotolewa kibaki kwako. Fundi mwaminifu hana shida na hilo, na fundi wa pili akija utakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kisha mwulize swali moja, ambalo mimi lilinigharimu Sh6,700 kulijua: "Ni nini kilichounguza hiki?" Akikujibu kwamba "hivi vitu huungua tu, mzee," mpe nauli yake umwache aende.

Usichanganye fundi wa mabomba na fundi wa stima. Wengi wa bomba husema pia wanajua stima kidogo, na hiyo "kidogo" ndiyo inayoua. Kazi ya nyaya nchini Kenya inatakiwa kufanywa na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Wapo pia waliofanya mitihani ya ufundi ya serikali chini ya NITA, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Kuomba kuona karatasi si dharau. Daktari huitundika yake ukutani.

Mpwa wangu anayesoma Manchester alinisimulia ya huko, nikaona kwamba tofauti ni chombo tu. Nyumba nyingi za Uingereza zina boila ya gesi ambayo hupasha maji ya kuoga na pia nyumba yenyewe. Usiku mmoja wa Januari boila yao ilizima. Wanafunzi wale walitazama kile kigeji cha mbele, ambacho boila ikiwa baridi hutakiwa kusoma kati ya baa 1 na baa 1.5, wakakuta kimeshuka karibu na sufuri. Walifuata kijitabu, wakaongeza maji ya mfumo, wakabonyeza kitufe cha kuanzisha upya mara moja. Ilipozima tena wakaishia hapo, wakamwita mwenye nyumba. Kuifungua boila yenyewe hawakuthubutu, kwa sababu gesi ikiungua vibaya hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu usingizini. Fundi alipofika, jambo la kwanza walilofanya ni kumwomba kadi yake ya Gas Safe, orodha ambayo kila fundi wa gesi huko sharti awe ndani yake tangu mwaka wa 2009. Mwenye nyumba naye analazimishwa na sheria kukaguliwa vyombo vyake vya gesi kila mwaka. Vijana wale hawakumwonea fundi haya, na fundi hakukasirika.

Sisi hapa tunaona haya. Tunamwona mtu ana plaiasi tunadhani ana elimu. Hata hivyo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inatambua kwamba anayekuuzia huduma anapaswa kuitoa kwa ubora unaokubalika. Kwa hivyo kazi ikiharibika kwa siku chache, mpigie fundi wako arudi. Huombi hisani.

Nasi tujitazame

Ningependa kumaliza hapo, nikiwa nimewatupia mafundi lawama zote, lakini singekuwa mkweli. Majuma kadhaa baadaye nilikutana na yule kijana wa keyateka kwenye ngazi. Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kama hakuuona waya wa ardhi uliokatwa.

"Niliuona, mzee," akasema. "Lakini uliniita kuweka koili. Na ukanipunguzia mpaka mia tano."

Sikuwa na jibu. Alikosea kwa kunyamaza, kwani jambo kama hilo husemwa hata kama halilipiwi. Lakini mimi nami nilikuwa nimenunua kazi ya mia tano, nikapewa kazi ya mia tano. Tunapomkamua fundi bei mpaka mwisho, kinachoachwa huwa ni kile ambacho macho yetu hayawezi kukiona: waya wa ardhi, skrubu iliyokazwa vizuri, dakika kumi za kupima. Rahisi hugeuka ghali. Fundi akikwambia ukweli usioupenda kuhusu nyaya zako, mlipe kwa ukweli huo hata kama siku hiyo hukumpa kazi. Mpe chai, mlipe siku mliyoagana, na uhifadhi namba yake. Fundi mwema ni kama daktari wa familia. Humtafuti usiku wa ugonjwa.

Mzee wetu aliandika hesabu yake kwenye karatasi: waya mpya wa milimita mraba 6 kutoka kwenye sanduku la breka, breka yake, swichi kubwa ya ampea 45 inayokata waya zote mbili, ile yenye taa nyekundu, nayo ikafungwa nje ya bafu. Aliunga waya wa ardhi, akaupima kuhakikisha kwamba unafika ardhini kweli. Aliongeza swichi ya kinga ambayo hukata stima yenyewe pakivuja miliampea 30, kabla sekunde moja haijakwisha. Mwisho kabisa akafunga hita iliyotengenezewa maji ya chumvi, ambayo koili yake imevikwa ganda na haiguswi na maji. Jumla ilikuwa Sh11,400.

Nilimpelekea mwenye nyumba karatasi ile pamoja na picha ya swichi iliyoungua, kwa maandishi, kwa heshima, nikaweka nakala. Nyaya za ukutani ni zake, na mpangaji hana ruhusa ya kuzifumua bila yeye kujua. Alinung'unika kidogo, akatazama picha, kisha akalipa Sh7,000. Baadaye akamtuma mzee yule yule akague nyumba zote za jumba lile. Alikuta nyumba nyingine tatu ambazo waya wa ardhi haukuwa umeungwa. Katika mojawapo mna mtoto anayejifunza kutembea.

Siku hizi kitindamimba wetu anaoga mpaka mama yake amgongee mlango akimkumbusha bei ya tokeni. Mimi kila nikisikia maji yale yanaanguka, husikia pia ile sentensi ya maneno matatu niliyoifanyia mzaha kwa miezi miwili. Mtoto hakujua ampea wala waya wa ardhi. Alisema alichohisi, kwa maneno aliyokuwa nayo, na katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyekuwa ameugundua ugonjwa wa hita.

Basi leo jioni, kabla ya kuwatayarisha watoto kwa shule, waulize maji ya bafuni yanawafanyaje. Ukijibiwa kwamba yanapiga, usicheke. Nenda ukazime breka.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.